Nyaguthii, Ile Kompyuta Imewaka

Ruring'u, Nyeri

Nyaguthii, wakini, rika langu,

Imewaka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hungekuwa na subira ya kusoma salamu. Imewaka, inafanya kazi, na wewe haupo. Ungeweza kungoja kidogo. Watu wajinga kuliko wewe wanaishi mpaka wanasahau majina ya watoto wao, lakini wewe na haraka zako ukaondoka mvua zikianza, ukatufanya tukuzike na matope mpaka magotini.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kusengenya naye. Wengine wote siku hizi wana huruma na mimi. Nikifungua mdomo kusema neno baya juu ya mtu, wananishika mkono, wananiambia ni huzuni, itapita. Si huzuni. Ni ukweli. Wewe peke yako ndiye ulijua kuzitenganisha hizo mbili.

Basi ngoja nikwambie vile walivyokuzika. Mchungaji alisimama akasema ulikuwa mama mnyenyekevu, mpole wa maneno. Wewe! Uliyemwambia meneja wa chama cha kahawa mbele ya wakulima kwamba kichwa chake kinafaa kufugia nyuki! Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nilicheka mpaka mabega yakatikisika, na wale wanawake wa kanisa wakadhani nalia, wakanipa kitambaa. Nilikipokea. Kilikuwa kinanuka mafuta ya kujipaka ya bei rahisi.

Halafu wakasoma historia yako. Walisoma shule, wakasoma ndoa, wakasoma ng'ombe. Kuhusu kazi walisema, "Marehemu alifanya kazi ofisini." Ofisini, kama vile ulikuwa unachemsha chai! Hakuna aliyesema kwamba sisi wawili, wasichana tuliokuwa tumetoka shule juzi tu, tulipelekwa Nairobi kufundishwa, tukarudi Nyeri kutunza kompyuta ya chama, ile mashine ndefu kama kabati la nguo, na uso wake umejaa taa na swichi. Hakuna aliyesema kwamba malipo ya kahawa ya vilima hivi vyote yalipita kwenye vidole vyetu, na ikiharibika ni sisi tulioifungua tumbo. Wale waliokuwa wanakula pilau kwenye mazishi yako walisomeshwa na hiyo mashine, na hakuna hata mmoja aliyeitaja. Walisema "ofisini" wakaendelea kutafuna.

Nilitaka kusimama niseme. Lakini mshereheshaji alisema muda umekwisha, watu wa siasa wanataka kusalimia. Wakasalimia. Walisalimia mpaka mvua ikaja.

Wewe unakumbuka siku meneja alipoleta zile kompyuta ndogo za mezani akatuambia, "Hiyo takataka muitoe hapa." Tuliipakia kwenye lori la kahawa tukaipeleka kwako Mweiga, kwa sababu stoo yako ilikuwa na sakafu ya simiti na yangu ilikuwa inavuja. Ikakaa huko miaka yote tukilea watoto na kuzika waume. Halafu tukastaafu. Tukachoka na mikutano ya akina mama, ile ya kuzungumzia mapazia ya kanisa, na alasiri moja ukaniambia, "Twende tukaangalie kama ile mashine bado ina akili kuliko hawa." Ndivyo tulivyoanza.

Najua hupendi kukumbushwa mambo, lakini nitakukumbusha, huwezi kunizuia sasa. Viota vya panya. Ile sponji ya ndani iliyokuwa imegeuka lami, ikatushika kwenye kucha hata kwenye ushirika mtakatifu tulienda nayo. Tukikaa juu ya magunia kusugua miguu ya kadi, vile vibao vya saketi, kwa kifutio cha shule, kadi baada ya kadi, huku tukiwachambua watu mmoja mmoja. Nikimulika, unafoka: "Shika tochi vizuri, unanimulika pua." Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sikukwambia, maana ungenicheka.

Ulipougua, taa zilikuwa tayari zinawaka. Mashine ilikuwa inaanza kazi vizuri, inaenda kidogo, halafu inasimama katikati kama punda aliyekataa mlima. Nikaja kukuona hospitali. Watoto wako walikuwa wamezunguka kitanda wakikuuliza kama umekula. Ukawasukuma kwa mkono, ukaniangalia mimi, ukasema, "Ni zile waya zako. Zile ulizobadilisha baada ya panya kuzitafuna. Ulizifunga vibaya."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia, Nyaguthii. Si kwaheri, si Mungu akubariki. Waya zangu. Nilitoka pale wodini nikiwa na hasira mpaka nikapita stendi bila kujua. Na asubuhi iliyofuata binti yako Wairimu akanipigia simu, na hasira ikakosa mahali pa kwenda.

Sasa nikuambie kuhusu mkwe wako.

Gichohi alikuja Mweiga kaburi likiwa bado halijakaa sawa. Alikuja na viatu vyake vile vyenye ncha kama mdomo wa kunguru na simu mkononi, akipiga picha kila kona ya boma. Unaijua ile hoteli yake ya Nanyuki. Unajua vile alivyoijaza vitu: cherehani amezigeuza meza, jembe la ng'ombe amelitundika ukutani, redio za mbao amezipanga kama mayai. Kila kitu kilichowahi kufanya kazi duniani, pale kwake hakifanyi. Wale wanajeshi wa kigeni wakimaliza mazoezi wanakuja kunywa chini ya hilo jembe, na yeye anasimama katikati akicheka kabla hajamaliza mzaha wake.

Nilimkuta stooni ameufungua mlango wa nyuma wa mashine. Alikuwa anapima ndani kwa utepe.

"Cucu," akaniita, nyanya, kama vile mimi nilimzaa baba yake. "Hii kitu ni safi sana. Nataka kutoa hizi waya zote nje, niweke friji ya bia hapa ndani, ikae kwenye kaunta yangu mpya. Hizi taa za mbele niweke zile za Krismasi, ziwe zinawaka-waka. Watu watapenda!"

Nikamwambia mashine inakaribia kufanya kazi.

"Hakuna haja ifanye kazi, Cucu. Iko na sura. Sura ndio watu wanataka."

Nilimwangalia Gichohi kuanzia viatu kwenda juu, polepole, nikitafuta mahali akili ingeweza kuwa imejificha. Sikuona. Nikamgeukia Wairimu. Alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia chini. Unajua vile mtoto wako alivyo, na wewe ndiye ulimfanya hivyo, maana ulikuwa unaongea kwa ajili ya watu wawili. Tangu mazishi alikuwa hajalia. Alikuwa anaosha vyombo tu. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Muachie Cucu kwanza. Kaunta yako hata haijaisha kujengwa."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha na hii haifanyi kazi, utachukua."

Basi nikawa nashindana na mafundi wa mbao wa Gichohi. Unawajua mafundi. Kwa mara ya kwanza maishani nikawaombea wachelewe.

Kufanya hiyo kazi peke yangu, wakini, sikutamani. Mtu mmoja hawezi kubonyeza swichi mbele na kusoma mita nyuma. Nilijifunga tochi kichwani kwa leso, nikawa nazunguka ile mashine kama kuku anayetafuta kiota. Mwanangu akanipigia kutoka Nairobi akasema, kwa ile sauti ya kuongea na wagonjwa, ati labda nionwe na daktari. Nikamuuliza daktari wa umeme au wa nini. Jirani yako, yule wa mbuzi, alikuja akaegemea ukuta akanishauri niuze chuma kwa watu wa vyuma chakavu wa Kenol, wanachukua hata mlango. Nikamwambia wakija nitawaonyesha yeye kwanza.

Nilianza kwa kukudharau. Nilisema, Nyaguthii hakuwa anajua, kosa ni umeme unaoshuka mashine ikianza kuvuta nguvu. Kwa hiyo nilihitaji kapasita kubwa ya kutuliza umeme, ile kama kopo la maziwa ya unga. Nyeri nzima walinionyesha vitu vya simu. Karatina walinicheka. Mtu akaniambia nijaribu Nanyuki kwa Mzee Ibrahim, yule ambaye familia yake ni ya kuuza ngamia na ngozi, lakini yeye nyuma ya duka ana ghala la vitu vilivyoachwa na wanajeshi: nyaya, redio, jenereta zisizo na kichwa.

Nilienda nikiwa nimejiandaa kumdharau. Nilikuwa na maneno tayari. Mzee alikuwa amekaa juu ya sanduku la risasi, anakunywa chai ya tangawizi, na viatu vyake havikuwa vinafanana. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akauliza, "Hii ni ya mashine gani, mama?" Nikamweleza. Nikamwambia mwenzangu tuliyekuwa naye amefariki.

"Huyo marehemu alikuwa nani wako?"

Nyaguthii, ningesema nini? Dada si kweli. Rafiki ni neno la mtu wa kukukopesha chumvi. Tulifanya kazi pamoja, hivyo hata wezi hufanya. Mzee hakungoja jibu. Aliingia ghalani, akarudi na kapasita mbili, akazifunga kwa gazeti kama mtu anayefunga mandazi, akasema, "Mungu amrehemu. Na wewe akufungulie."

Nikirudi nyumbani nilijaribu tena kumdharau. Nilishindwa. Hata na vile viatu.

Kapasita ziliingia vizuri. Umeme ukatulia. Nikawasha. Mashine ikaanza, ikaenda, ikasimama. Palepale pa siku zote.

Siku hiyo nilitupa bisibisi mpaka ikapasua dirisha lako. Na wiki hiyo hiyo Gichohi akamtumia Wairimu picha ya kaunta imepakwa vanishi, na shimo katikati limeachwa, la upana wa mashine yetu. Wairimu akanionyesha.

Nikarudi mwanzo. Nikatoa kadi moja moja, nikaziweka mezani karibu na mlango penye mwanga wa jua, nikaziangalia kwa ile lenzi yako ya kusomea Biblia. Nilianza na kazi yangu. Waya zangu za panya. Nilizivuta, nikazipima, nikazipasha moto, nikazipoza. Zilikuwa sawa. Zote. Zilikuwa nzuri, wakini, zimenyooka kama nywele zilizochanwa.

Halafu nikachukua kadi yako. Ile uliyobadilisha transista, ukajisifu wiki nzima, ukaniambia ndivyo watu wenye mikono hulehemu. Nikaiweka chini ya lenzi.

Kosa lilikuwa kiungo ulicholehemu wewe.

Tonge la risasi ya kulehemu, nene, limekaa juu ya mguu wa transista kama ugali juu ya sahani. Umeweka risasi nyingi, moto kidogo, kama kawaida yako, kwa sababu hukuwa na subira hata na chuma. Na kuzunguka mguu, ufa mwembamba kama uzi wa buibui. Mashine ikiwa baridi, kiungo kinashika. Ikipata joto, ufa unafunguka, na kila kitu kinasimama. Miezi yote ile! Ulikufa ukilaumu waya zangu, na shida ilikuwa tonge lako!

Nilikutukana, Nyaguthii. Nilikutukana kwa sauti pale stooni mpaka ng'ombe wako akajibu. Nilikuita mzembe, nilikuita bahili wa moto, nilikuita majina ambayo mchungaji wako hayajui. Nikacheka. Nikageuka nikuangalie uso wako utakuwaje, na palikuwa na gunia.

Nimekuwa sahihi, na sina wa kumwambia. Hujui hilo lina ubaya gani.

Chuma cha kulehemu kikapata moto, kikapoa, nikakipasha tena. Sikuweza. Pembeni ya kiungo, kwenye ile nta ya njano inayobaki baada ya kulehemu, palikuwa na alama ya kidole chako. Ulishika kabla haijakauka, kama mtoto. Ile mistari yote imekaa pale, hata ule mkato wa kisu kwenye kidole gumba. Wangapi walikupiga picha ukiwa kwenye jeneza na simu zao? Hakuna aliye na kitu kama hicho.

Mwishowe nikakishika. Nikayeyusha tonge lako, nikalinyonya lote kwa pampu, nikaweka langu: dogo, linalong'aa. Nta nikaisafisha kwa spiriti kila mahali. Pale penye kidole sikusafisha.

Nikawasha.

Usitarajie nikuambie kumbukumbu ya mashine ilikuwa imehifadhi ujumbe wako kutoka zamani. Ilikuwa imejaa takataka. Nikaingiza ile programu fupi ya kufanya taa itembee, kwa swichi, vile tulivyofundishwa, na vidole vikakumbuka kabla yangu. Taa moja ikawaka kulia. Ikahama. Ikahama tena. Ikafika kushoto, ikageuka, ikarudi. Nikachukua kigoda nikakaa. Joto likapanda, na haikusimama. Nilipika chai, nikanywa, haikusimama.

Gichohi alikuja wakati huo huo, na gari la kubebea mizigo na wanaume wawili wenye kamba. Akaingia, akaangalia taa inavyoenda na kurudi. Akakunja midomo.

"Ni hiyo tu?"

"Ndio."

"Ati kabati yote hii, Cucu, moto yote hii, ni taa moja kutembea? Kwa simu yangu hiyo hata si kazi." Akawaambia wanaume, "Ngojeni kwanza izimwe." Akanigeukia. "Izime, Cucu. Tumekubaliana ni kama inafanya kazi. Hii haifanyi kitu."

Nilikuwa natafuta neno la kumfaa, na hakuna lililokuwa dogo vya kutosha. Ndipo nikamwona Wairimu. Alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja juu ya fremu, hajaingia. Hakuwa anaangalia taa. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu mbali.

"Hii sauti," akasema. "Hii sauti naijua."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Wewe pia hukuwahi kulitaja. Alipokuwa mchanga na yaya wako alitoroka, ulikuwa unakuja naye kazini. Ulimlaza kwenye boksi la karatasi za kuchapia, nyuma ya mashine, pale feni zinapotoa hewa ya joto, maana baridi ya Julai ya Nyeri ilikuwa inaua. Meneja alipouliza huyo ni nani, ulimwambia ni opereta mdogo na ana akili kumshinda. Miezi mingi mtoto yule alilala pale, ndani ya ule mngurumo.

Nikamwambia Wairimu hayo yote. Alitembea mpaka nyuma ya mashine akakaa sakafuni na nguo yake nzuri, akaegemeza mgongo kwenye bati, pale joto linapotoka. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, kama mtu anayetapika kitu kilichomkaa. Wale wanaume wenye kamba wakatoka nje wenyewe.

Gichohi akaanza, "Lakini mama watoto, kaunta nimeacha nafasi…"

"Friji utanunua," Wairimu akasema kutoka kule nyuma.

"Lakini—"

"Gichohi. Friji utanunua."

Nyaguthii, ilikuwa sauti yako. Nilishtuka nikaangalia mlangoni.

Alienda. Na usifikirie alijifunza kitu. Watu kama yule hawajifunzi, wanabadilisha tu mpango. Wiki iliyofuata alirudi na wazo kwamba wageni waletwe na basi dogo kuona mashine ikifanya kazi, na mimi nikae hapo nimevaa vazi la kitamaduni nikibonyeza swichi. Nilimwambia nitavaa. Nikamwambia, chuma cha kulehemu kikiwa moto mkononi, asogee karibu nimwonyeshe aina ya vazi. Hajarudi.

Mashine inabaki kwako, ndani ya stoo. Wairimu amebadilisha dirisha. Anakuja kutoka Nanyuki akipata nafasi, anavaa overoli yako, ambayo inamfika juu ya vifundo, na haongei sana, lakini anauliza maswali mazuri. Sasa tunashughulikia printa ya kompyuta. Mpira wake wa ndani umeyeyuka kama asali ya zamani, na sijui tutapata wapi mwingine. Tutapata.

Juzi nilimpa chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza. Kipande kibovu tu, cha kujaribia. Akainama, akatoa ulimi nje kidogo, akaweka risasi. Nikachukua lenzi nikaangalia.

Tonge, wakini. Nene, baridi, limekaa kama ugali. Nilitoka nje nikasimama karibu na kaburi lako mpaka nikaweza kurudi ndani.

Pumzika basi. Kwaheri, Nyaguthii. Nakuahidi huyu mtoto hataacha mkono wangu mpaka alehemu kuliko wewe, na siku atakapolehemu kuliko mimi nitakuja kukwambia mwenyewe, kwa mdomo, nikiwa nimepiga magoti pale kwenye majani yako, hata kama itabidi watu wawili waniinue.

Wako, mwenye waya zilizonyooka,

Wangeci